Koinet na Mbwa Mwitu Waliorudi

Kila asubuhi Penina alikamua mbuzi, na mumewe Koinet alikagua miiba ya zizi. Kisha mbuzi walitoka kwenda malishoni na mwana wao mdogo Sironka, mbwa wao Askari akitangulia. Waliishi nje kidogo ya Endulen, na bila Askari wasingelala usingizi.

Mwaka huo mbwa mwitu walirudishwa katika eneo lile. Walikuwa wametoweka tangu Koinet akiwa mtoto. Wataalamu waliwaleta kwa gari, wakawaweka ndani ya uzio mpaka wakazoea, kisha wakawafungulia. Koinet hakufurahi hata kidogo. Alikumbuka mbuzi wa baba yake walioliwa, na sasa alitaka Askari awe mkali kuliko zamani.

Ndiyo maana siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa alimficha. Alimfunga kwa kamba korongoni, akarudi nyumbani macho makavu kabisa. Wanaume wengi pale waliamini kwamba mbwa akichomwa sindano anapoa, hata fisi hamwogopi tena. Penina aliona yote akanyamaza, na kunyamaza huko kulimsumbua moyoni.

Baadaye mbwa wa jirani yao Lembris, mbwa ambaye naye alikuwa amefichwa siku ile, alibadilika. Alitokwa na mate, akayumba, akamng'ata Lembris mguuni. Penina aliosha jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha Lembris akawahishwa hospitali kuchomwa sindano. Alipona. Mbwa wake alikufa kwa kichaa.

Silvanus, daktari wa mifugo kutoka Karatu aliyekuwa amechanja mbwa siku ile, akarudi kijijini na chanjo. Safari hii Penina alisema.

"Daktari, wetu naye hajachanjwa. Baba Sironka alimficha."

Koinet alitazama chini. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba sindano inamaliza ukali wa mbwa.

"Hapana, mzee. Ukali wake utabaki. Chanjo inamkinga na kichaa tu."

Silvanus akaeleza kwamba zamani watu waliwaua mbwa mwitu kwa sumu, na waliobaki wakapata magonjwa, kichaa kikiwemo, kutoka kwa mbwa wa nyumbani. Mbwa mwitu wanakula pamoja na kulambana. Akiugua mmoja, kundi zima linaweza kwisha.

"Wale hawawezi kuja kwangu kuchanjwa," alisema. "Anayeweza kuja ni huyu wako."

Koinet alimgeukia Askari. Muda wote aliogopa hasara ya mbuzi. Hakuwahi kufikiri kwamba kwa kumficha Askari angeweza kuwamaliza wanyama wale, na hata mwanawe Sironka, aliyecheza na mbwa huyo kila siku. Aliona haya sana. Akamshika Askari kwa mikono yake mwenyewe, sindano ikaingia.

Daktari alimshauri pia asiwaachie watoto wadogo mbuzi, kwa sababu mbwa mwitu huwinda mchana. Tangu hapo Koinet alichunga mwenyewe.

Mvua zilipoanza, mbwa mwitu walitokea bondeni wakiwa na watoto wao. Askari aliwabwekea, manyoya ya mgongo yamesimama. Hakuwa amepoa hata kidogo. Mbwa mwitu waligeuka wakashika njia nyingine, naye akataka kuwafukuza.

Koinet alimwita arudi. Akasimama kati ya mbuzi wake na bonde, akangoja mpaka mtoto wa mbwa mwitu aliyekuwa nyuma kabisa alipowafikia wenzake.