Daftari la Tantine Amandine

Kila Jumamosi Naomie humsaidia mama yake, Ernestine, kupanga nyanya sokoni Kavimvira, karibu na mpaka wa Burundi. Jumamosi hiyo mikono ilipanga nyanya, lakini moyo ulipanga kisasi. Tantine Amandine alikuwa amerudi!

Amandine, aliyeitwa tantine kwa heshima kama shangazi, alikuwa mtafiti kijana aliyepata bourse, yaani ufadhili wa kuchunguza maisha ya wachuuzi wa mpakani. Mwaka uliopita alimpiga baba yake Naomie picha kwa simu, akaahidi kuleta nakala. Baadaye baba alifariki, na nyumbani hapakuwa na picha yake hata moja. Sasa amekuja mikono mitupu, tena anacheka na watu! "Weye, utanitambua," Naomie alisema moyoni.

Amandine alipomuuliza wachuuzi wanavukaje mpaka, Naomie alimkazia macho.

"Wenye watoto wanaficha bidhaa ndani ya kitenge, chini ya mtoto. Douane, wale watu wa forodha, hawaoni."

Uongo mtupu! Amandine aliandika neno kwa neno, na Naomie akarudi kwenye nyanya akiimba. Acha wakubwa wake wagundue ripoti imejaa uongo, wamnyang'anye hiyo bourse!

Hakujua kwamba Amandine hapeleki ripoti kabla ya kuwasomea wachuuzi wenyewe. Wiki iliyofuata aliwakusanya wanawake, akasoma. Alipofika kwenye habari ya kitenge, soko likawaka. Macho yote yalimgeukia Félicité, rafiki wa mama yake, ambaye peke yake alikuwa na mtoto mgongoni.

"Kumbe ni weye unatuharibia jina! Toka katika kundi letu!" wanawake walifoka.

"Minye? Haki ya Mungu, sijaficha hata kitunguu!" Félicité alilia.

Naomie alijipenyeza katikati yao. "Mumuache! Ni minye nilidanganya. Nilitaka tantine apoteze bourse yake. Picha ya baba iko wapi?"

Amandine aliinamisha kichwa. "Simu iliibwa Bukavu. Niliona haya kuwaambia."

"Ahadi ni deni, Amandine," mama alisema. "Ungetuambia siku ile ile uliyofika. Na weye Naomie, hasira hasara. Jiwe ulimtupia Amandine, limempasua Félicité. Muombe msamaha mbele ya hawa hawa."

Naomie alipiga magoti. Félicité alimwinua, ingawa hakutabasamu. Amandine aliufuta kwa mistari ule ukurasa wa daftari lake, akafungua mwingine mweupe.

"Niambie baba yako alikuwa mtu wa namna gani. Nitaandika, na leo leo nitakuachia karatasi."

Naomie alimtazama mama yake.

"Sema kweli tupu, binti yangu," mama alisema. "Hiyo ndiyo picha yake tuliyobaki nayo."