Birika la Pili

Siku ile bwege alikuwa kijana wa kaunta, na tuliseme mapema asije akahurumiwa bure.

Ilikuwa Jumamosi, saa tano asubuhi, kwenye kaunta ya kuchukulia mizigo ya kampuni moja changa iliyouza kila kitu mtandaoni, kuanzia soksi hadi majokofu. Foleni ilifika mlangoni. Mpanga vifurushi, kijana mrefu mwenye fulana ya rangi ya chungwa na picha ya tabasamu kifuani, alikuwa ameshasema "samahani" mpaka neno lenyewe limechoka. Ndipo akasimama mbele yake msichana wa kilemba cha njano, sketi imepigwa pasi ikanyooka, akaweka birika la umeme juu ya kaunta.

"Kishikio kinachomoka maji yakichemka," alisema.

"Bibie, labda unalishika vibaya."

"Kwani birika lina namna ngapi za kushikwa, kaka?"

Foleni ikacheka. Badala ya kukubali yaishe, mpanga vifurushi akakigusa kishikio: kimekaza, hakichezi. Kikipoa kilikuwa kinarudi mahali pake kama hakijafanya kitu. Akajaza maji, akachomeka waya, akangoja yatokote huku akimkonyeza msichana. Kisha akaliinua juu kama mtu aliyeshinda kombe. Kishikio kikabaki mkononi. Birika likaangukia upande wake, na kiatu kimoja kikajaa maji ya moto.

"Nimeona namna nzuri ya kulishika," msichana alisema, lakini alikuwa ameshazunguka kaunta na ameinama kumvua kiatu.

Kijana alimpa lingine, jipya, alilolichagua mwenyewe katikati ya rafu.

"Hili nakuhakikishia."

"Na likiniunguza?"

"Nitakuja kukuchemshia maji kwa sufuria maisha yangu yote."

Msichana alipoandika anwani yake, kijana akaitambua. Mwaka mzima alikuwa akisoma maelekezo ya wateja, na ya huyu ndiyo pekee yaliyomchekesha: *Geti la bluu. Ukimwona mbwa mnene usikimbie, hajawahi kung'ata kitu zaidi ya mkate.*

"Kumbe ni wewe," akasema, na siku hiyohiyo saa kumi alimpigia simu kuuliza kama mbwa hajambo.

Wiki mbili zilizofuata simu zililia kama zimelipwa. "Umekula, mpenzi?" "Nimekula, mguu wako unasemaje?" "Unasema unataka daktari wa kilemba cha njano." Msichana alikuwa mpokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno, na alijifunza kucheka bila sauti huku akiwapangia watu zamu ya kung'olewa magego.

Jambo moja hakumwambia. Yeye ndiye aliyekuwa akiandika blogu ya *Nimenunua, Nimejuta*, iliyowaeleza watu ukweli wa bidhaa za mtandaoni. Hakuweka jina wala picha. Aliyejua ni mama yake tu, aliyeishi naye wawili nyuma ya lile geti la bluu.

Jumapili moja mama alimimina chai. Birika la pili lilifanya kama la kwanza, ila safari hii hapakuwa na kaunta katikati. Ngozi ya mkono wake wa kulia iliumuka malengelenge, kuanzia kiwiko hadi vidole.

Msichana hakupokea simu ya kijana siku hiyo, wala iliyofuata. Jumatatu akaandika. Alieleza birika la kwanza, la pili, na mkono wa mama. Kufikia Jumatano habari ilikuwa imesomwa na watu wengi kuliko wote waliowahi kusoma blogu hiyo.

Kule kwenye kampuni, Bosi aliirusha habari hiyo kwenye skrini kubwa ukutani. Alikuwa mwanamume wa viatu vyeupe na sauti laini, na wiki iliyofuata alikuwa anapokea wawekezaji.

"Huyu ni nani?" aliuliza. Akaendelea kushuka chini, kwenye habari za zamani, na katikati ya moja pakatokea mstari: mleta mzigo alimkimbia mbwa mnene wa kwetu, ambaye hajawahi kung'ata kitu zaidi ya mkate.

Kicheko kilimtoka mpanga vifurushi kabla akili haijafika. "Kumbe ni bibie wa mbwa mnene."

Chumba kizima kikamgeukia.

"Bibie yupi?" Bosi aliuliza, kwa upole kabisa.

Kijana akafunga mdomo. Lakini anwani zilikuwa kwenye kompyuta, na neno "mbwa" halichukui muda kutafutwa. Alirudi mezani kwake. Aliandika ujumbe wa kumwonya, akaufuta. Akaandika tena, akaufuta. Bosi alikuwa amesimama nyuma ya viti vyao, anatembea polepole, na viatu vile vyeupe havikuwa na mlio.

Alhamisi, saa saba mchana, simu ya msichana ililia pale kliniki. Namba ilikuwa imefichwa. Nyuma ya mlango mashine ya meno ilikuwa inakereza.

"Mbwa mnene hajambo?" ilisema sauti laini.

Akatabasamu, akidhani ni mchezo wa mpenzi wake. "Wewe, sauti yako imefanyaje?"

"Na mama je? Nasikia leo yuko peke yake. Na mkono mmoja, maskini. Ile habari ifute. Una mpaka kesho saa sita mchana."

Simu ikakatika. Mgonjwa aliyekuwa kauntani akamwuliza kama ni yeye anayeumwa jino. Msichana alimpigia mama mara tatu kabla hajapokea.

"Kuna nini, mwanangu? Nilikuwa nasoma barua. Imepenyezwa chini ya geti. Imeandikwa jina lako, na jina la blogu."

Jina lake na jina la blogu hayakuwahi kukaa kwenye karatasi moja. Nani aliyejua habari za mbwa? Akakumbuka maelekezo. Akampigia kijana.

"Ni wewe?"

"Nilicheka," kijana alisema. "Nilicheka tu, mpenzi. Sikukusudia."

"Lini?"

"Jana."

"Tangu jana unajua wananijua, na hukuniambia."

"Niliogopa."

"Hata mimi naogopa. Ila mama yangu yuko nyumbani peke yake." Akakata, na safari hii alizima simu kabisa.

Ijumaa hakwenda kazini. Alifunga mapazia mchana kweupe, akaburuta kochi hadi mlangoni. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo nje ilimkata pumzi. Mama alikaa naye mezani, mkono umefungwa bandeji. Saa tano na nusu msichana alifungua kompyuta. Kitufe cha kufuta kilikuwa chekundu.

"Mama, nisamehe. Nafuta."

"Mkono ni wangu, roho ni yako," mama alisema. "Ila kwanza soma waliyoandika watu. Usifute kitu ambacho hujakimaliza."

Maoni ya juu kabisa yalikuwa ya asubuhi hiyo. Aliyeandika aliweka jina lake, la baba yake na la babu yake, na picha yake ya fulana ya chungwa.

*Mimi ndiye ninayepokea mabirika yanayorudishwa. Yamerudi thelathini na moja. Tunaambiwa tuyatie kwenye maboksi mapya, yanaondoka tena. Mwandishi hasemi uongo. Birika la pili nilimpa mimi kwa mkono wangu.*

Alisoma mara tatu. Hofu haikuondoka, lakini ilisogea kidogo, kama mtu anayekupisha kwenye benchi.

Geti likagongwa, kisha likasukumwa. Mbwa mnene akamlaki mgeni kwa mkia.

"Mama, shikamoo," ilisema sauti laini mlangoni, na msichana akaitambua kutoka kwenye simu. Ndiyo ileile. Mama akamwashiria binti yake aondoe kochi. Bosi aliingia na karatasi na kalamu, akatazama mapazia, akatabasamu. "Hatukuja kwa ugomvi. Dada anaweka sahihi hapa, kwamba birika lilitumiwa vibaya. Yule kijana nimeshamfukuza, anayoandika ni hasira tu. Bidhaa yetu ni salama kabisa."

"Marahaba, baba. Karibu kiti," mama alisema. Akaingia jikoni, akarudi na lile birika la pili katika mkono wake mzima, kishikio kimekaa sawasawa. Akaliweka mbele yake. "Limejaa maji. Lichemshe, kisha utumiminie wewe."

Bosi akacheka. Mama hakucheka. Msichana akachomeka waya.

Maji yalianza kuimba. Wakati huo kijana akatokea mlangoni akihema, shati la kawaida, begi mgongoni. Akamwona Bosi, akaliona birika.

"Mimi nililishika, Bosi," alisema. "Vua viatu kwanza."

Birika likajizima lenyewe. Mvuke ukapanda. Bosi alikitazama kishikio, akautazama mkono wa mama, akautia wake mfukoni.

"Nasubiriwa garini," alisema.

"Chai umeikataa," mama alimwambia, "na karatasi yako tumeikataa."

Alitoka bila kuaga. Saa sita ilipita habari ikiwa palepale. Mama akafungua mapazia, kisha akakumbuka ana kazi jikoni. Wale wawili wakabaki barazani, mbwa katikati.

"Sijakusamehe," msichana alisema.

"Najua."

"Siku nzima ulikaa kimya."

"Najua. Niliogopa kazi, na sasa hata kazi sina."

"Usinililie."

"Silii." Akafungua begi, akatoa sufuria mpya. "Nilisema maisha yangu yote. Jumapili nataka kuleta wazee wangu. Ukikataa, nitaacha sufuria niondoke."

"Una haraka ya nini? Mtu hata hajapoa hofu."

"Basi waje wakupoze hiyo hofu. Niruhusu tu. Ila hawajawahi kufika huku, niwaelekezeje wasipotee?"

Msichana akaichukua sufuria, akaingia nayo ndani.

"Mbona bosi wako ulimwelekeza, na hakupotea."