Kufuli Kwenye Mzani

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi ilikuwa siku ya kliniki, na Kinara hakuhitaji kuamshwa. Alimwogesha mdogo wake wa miezi minane, akamvalisha, akaitia kadi yake ya kliniki kwenye mkoba wa mama. Jina la Kinara alipewa na baba yake, kwa sababu msichana huyo hakukubali kuwa wa pili kwa lolote, hata kwa kupiga chafya. Mdogo wake waliyemwita Bwana Mkubwa alikuwa mwembamba, lakini kwa kelele hakuwa na mpinzani.

Siku hiyo Kinara alikuwa na wasiwasi. Kila alipoitazama ile kadi, alikumbuka alichofanya mwezi uliopita.

Mwezi huo uliopita, jirani yao mshonaji alikuwa amempakata mwanawe mnene kwenye benchi la kliniki. "Wangu kilo tisa!" alisema kwa sauti. "Huyo wenu mnamlisha upepo?" Akina mama wakacheka. Maneno yale yalimchoma Kinara. Kulikuwa na baridi, na muuguzi aliruhusu watoto wapimwe na sweta zao. Mama alipogeuka, Kinara alichukua kufuli kubwa bovu la mlango lililokaa siku zote mkobani mwa mama, akalitumbukiza kwenye mfuko wa sweta ya mtoto. Mzani ulisoma kilo saba na gramu mia tisa. Mama alifurahi, na Kinara akarudi nyumbani kichwa juu.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Leo kulikuwa na joto, na Bwana Mkubwa alining'inizwa kwenye mzani bila nguo, akirusha miguu. Muuguzi alisoma, akarudia kusoma, kisha akaweka nukta kwenye kadi. Mstari uliokuwa ukipanda sasa ulishuka ghafla.

"Kilo saba na nusu," alisema. "Mama, mtoto amepungua sana. Anaharisha? Anatapika?"

"Hapana, nesi. Hajaugua hata siku moja."

"Basi nitawaandikia barua, leo hii mwende hospitali kubwa. Huenda akalazwa."

Macho ya mama yalijaa machozi. "Nimemkosea nini mwanangu?" alinong'ona.

Kinara aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Angenyamaza, mama angebeba lawama isiyo yake. Akasimama.

"Nesi, usiandike. Hajapungua. Ni kufuli."

"Kufuli gani tena?"

Kinara alieleza yote, huku mama akimtazama mdomo wazi. Akalitoa kufuli mkobani. Muuguzi alilining'iniza mzanini, na mshale ukasimama kwenye gramu mia tano kamili.

"Haya, Bwana Kufuli naye tumfungulie kadi," alisema muuguzi, na benchi zima likaangua kicheko. Yeye hakucheka. Alifuta nukta ya uongo ya mwezi uliopita, akatoa uzito wa kufuli, akachora ya kweli. Mstari haukuanguka, ila ulikuwa umelala karibu bapa kwa miezi miwili.

"Hospitali kubwa haihitajiki," alisema. "Lakini hakui inavyotakiwa. Mama, anakula nini?"

"Ananyonya, na uji mwepesi mara mbili."

"Uji uwe mzito, utie karanga zilizosagwa. Mpe na yai, maharage yaliyopondwa na matunda. Ale mara tatu, na aendelee kunyonya." Kisha akamgeukia Kinara. "Haya ningemwambia mama yako mwezi uliopita. Mtoto huyu hajui kusema, mwanangu. Mzani ndio unaomsemea. Wewe ukaufunga mdomo kwa kufuli."

Kinara aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Ila karanga utasaga wewe."

Alisaga kila siku bila kuhimizwa. Mwezi uliofuata Bwana Mkubwa alipimwa akiwa uchi, akapiga kelele zake zote, na mstari ukapanda. Bado mtoto wa mshonaji alimzidi kwa mbali.

"Umeshindwa tena, Kinara," mshonaji alimtania.

"Nimeshindwa," alijibu Kinara akicheka. "Lakini gramu hizi zote ni zake mwenyewe."

Muuguzi alimrudishia kadi. "Ukweli ndio dawa ya kwanza ya mtoto," alisema. "Na aliyeileta ni wewe."