Siri Iliyotiwa Sauti

Televisheni ya ofisi ya maji ilikata sauti pale pale msichana wa tamthilia alipofungua mlango na kumkuta mchumba wake na dada yake. Ukumbi mzima uliguna. Watu walikuwa wamebanana kwenye viti vya plastiki tangu asubuhi, kila mmoja na kikaratasi chake cha namba, na ile tamthilia ndiyo iliyokuwa ikiwazuia wasigombane na karani.

"Jamani, kasema nini?" akauliza mama mmoja.

Mwanamume aliyeegemea nguzo akajibu kwa sauti nyembamba ya msichana yule yule: "Dada, hicho kitanda nimekitandika mimi." Kisha kwa sauti nzito ya mchumba: "Mpenzi, nilikuwa namsaidia kutafuta hereni yake." Kisha akawa dada mtu: "Hereni gani, nami masikio sijatoboa?"

Watu walicheka hadi karani akatoa kichwa dirishani. Tuseme ukweli, mwanamume huyo hakuwa na sura ya kugeuza shingo za watu. Alikuwa mfupi, shati lake la mistari limepauka kwenye kola, ila viatu viling'aa. Lakini sauti zake mji mzima ulizijua. Kazi yake ilikuwa kuzitia Kiswahili tamthilia za nje, wanaume, wanawake na vikongwe, wote yeye. Mtaani walimwita Sauti Saba.

Kwenye kiti cha mbele yake alikaa mwanamke mwenye gauni la buluu lililopigwa pasi vizuri, nywele zimesukwa kurudi nyuma. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Kumbe ndiye wewe," alisema. "Kila Jumamosi tunakuchambua redioni."

"Mnanichambua mimi au watu wangu?"

"Yule mchumba. Wiki iliyopita tulisema anaogopa kuachwa."

"Haogopi chochote yule. Ana tamaa tu. Ninyi madaktari mtu akiwa na tabia mbaya mnampa ugonjwa."

Mwanamke alikuwa mwanasaikolojia. Alishirikiana ofisi na mwenzake aliyemzidi umri, ambaye alimwita Dada, na kila Jumamosi wawili hao waliingia redioni, wakachukua wimbo au tamthilia inayopendwa na kuwaeleza watu wivu ni nini, aibu inatoka wapi, kwa nini mtu anunie harusi ya rafiki yake. Watu waliwapenda kwa sababu hawakujifanya malaika.

Namba ya Sauti Saba iliitwa mara mbili, hakusikia. Ikabidi apange foleni upya. Hakusikitika hata kidogo.

Baada ya hapo zikawa simu. Akimpigia asubuhi alikuwa kikongwe: "Mjukuu wangu, umekunywa chai?" Mchana alikuwa jambazi: "Dokta, tunaye mpenzi wako. Ukitaka umwone mzima, njoo ule naye." Mwanamke alicheka ofisini peke yake, na Dada alikuwa akigonga ukuta.

"Sasa nipe ya kwako," alimwambia siku moja. "Hizo saba nimezizoea."

"Ya kwangu haina kazi, mpenzi. Haijawahi kulipwa."

"Mimi nitaisikiliza bure."

Jumapili moja alasiri Sauti Saba alimpeleka studio. Kilikuwa chumba kidogo, kuta zimebandikwa magodoro, meza moja, kioo kimoja cha kutazamia picha. Ukifunga mlango unasikia damu yako mwenyewe. Mwanamke alikaa sakafuni, akavua viatu. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa mtu.

"Mama aliugua muda mrefu. Nilimuuguza mimi. Siku tuliyomzika nililala usingizi mtamu kuliko wote niliowahi kulala. Tangu hapo, nikilala vizuri, najiona mwizi."

"Hata Dada hajui?"

"Hata Dada."

Sauti Saba hakutoa neno. Alimshika mkono tu mpaka alasiri ikaisha. Kwa mtu anayekula kwa mdomo wake, kunyamaza hivyo si jambo dogo, na mwanamke alimpenda siku ile kuliko alivyokusudia.

Sasa sikiliza alichokifanya mjinga yule.

Alikuwapo mshonaji mmoja aliyekuwa akija kwa mwanasaikolojia, na mara nyingine kwa Dada, tangu afiwe na mumewe. Kila akija alizungumzia bei ya vitambaa, joto, majirani, saa ikaisha akaenda zake. Siku hiyo alikaa, akaweka mkoba magotini, akasema:

"Daktari, jana uliona tamthilia?"

"Sikuwahi."

"Yule msichana alisema, siku waliyomzika mama yake alilala usingizi mtamu kuliko wote. Eti sasa akilala vizuri anajiona mwizi." Akaufunga mkoba. "Daktari, na mimi ni hivyo hivyo. Nilimuuguza mume wangu, na alipokufa nikalala." Akalia, na baada ya kulia akaongea, yote.

Mwanasaikolojia alimpa kitambaa, akamsikiliza mpaka mwisho kama kazi inavyotaka. Mshonaji alipotoka, alifunga mlango, akapiga simu.

"Mjukuu wangu..."

"Acha kikongwe. Yule msichana jana alisema nini?"

"Kwenye picha alisema tu amechoka. Ila midomo yake ilikuwa bado inacheza, pakabaki nafasi. Nikaona maneno yako yanamfaa. Mpenzi, watu wamelia mji mzima. Nilijua utafurahi."

"Nifurahi?"

"Hakuna anayejua ni ya kwako."

"Mimi najua. Watu wananiachia mambo yao hapa, sijawahi kutoa la mtu hata kwa mama yake. Wewe umelitoa langu kwa mji mzima, saa moja jioni, watu wanakula."

"Nisamehe basi."

"Hilo 'basi' lako ndilo linaloniudhi." Akakata.

Hakupokea simu zake tena. Dada aliliona lile jambo mapema, maana mwenzake alikuwa akila kwa kusukuma sahani. Akambana, akaambiwa yote, siri ikiwemo, kwa kuwa haikuwa siri tena.

"Lakini maneno yako yamemfungua yule mama," alisema Dada. "Mimi na wewe tulishindwa."

"Ndilo linalonikera zaidi. Nilitakiwa nimwambie mimi kwamba na mimi yalinipata, nikaogopa."

"Kwa hiyo una hasira au una aibu?"

"Dada, usinifanye mgonjwa wako."

"Nakuuliza kama dada yako."

"Vyote. Na najua nitakachofanya. Sitamwambia mtu kitu tena maisha yangu yote, nitakufa na mambo yangu."

Dada hakumcheka, maana aliona hatanii. Aliwajua watu waliofanya hivyo. Walikuwa wakija ofisini kwao wakiwa wazee.

Sauti Saba hakuleta maua. Alikuja ofisini akiwa na shati jipya, akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaomba kumwona Dada. Walifunga mlango. Mwanamke alikuwa chumba cha pili, akisoma ukurasa mmoja bila kuugeuza. Kupitia ukutani alisikia sauti asiyoijua, ya chini, inayokwama kwama. Ilimchukua muda kujua kuwa ndiyo sauti halisi ya Sauti Saba.

Mlango ulipofunguliwa, mwanamke alimvuta Dada pembeni.

"Kasema nini?"

"Wewe! Unaniuliza mimi hivyo?"

"Dada, tafadhali."

"Kamuulize mwenyewe. Mdomo anao."

Alimkuta kwenye benchi bado, mikono magotini.

"Nilikuambia hakuna anayejua," alisema Sauti Saba. "Mwizi naye husema hivyo hivyo. Niliiba. Sikujua naiba, lakini niliiba. Nimezoea kumwekea kila mtu maneno mdomoni, nikadhani maneno yote ni ya kazi."

"Umemwambia nini Dada?"

"La kwangu. Kabla ya leo sijawahi kumwambia mtu. Na wewe nitakuambia, halafu litakuwa lako. Ukitaka ukalitoe redioni, sitakulaumu."

Mwanamke alikaa kando yake, naye akamnong'oneza, bila kikongwe wala jambazi. Alichosema sikiandiki. Ninachoweza kukuambia ni kwamba mwanamke alisikiliza amefumba macho, na mwishoni akamshika kichwa kwa mikono miwili.

"Bado nimekukasirikia," alisema.

"Najua."

"Nitakupigia mimi. Wewe usipige."

Jumamosi iliyofuata redioni, msikilizaji mmoja alipiga akauliza swali. Lilikuwa lile lile, jambo la Sauti Saba, kama vile yeye ndiye aliyeuliza. Mwanamke alikuwa na mfano mkononi, mfano ambao ungewanyamazisha wasikilizaji wote majikoni mwao. Hata jina asingetaja. Nani angejua? Maneno yalimjaa mdomoni, matamu. Hapo ndipo alipoelewa jinsi ilivyokuwa rahisi kwa yule mjinga, na jinsi ilivyo rahisi kwa kila mtu.

Akakohoa. "Swali zuri," alisema. "Dada atalijibu vizuri kunishinda."

Dada alimtazama, akavuta kipaza sauti kwake, akajibu.

Walipotoka, alisimama kwenye ngazi za jengo, watu wakipanda na kushuka, akapiga simu. Iliita mara moja tu.

"Ulisikiliza?"

"Nilisikiliza." Sauti ilikuwa ile ya chini. "Liliulizwa, na hukulisema."

"Karibu niliseme. Nakuambia ukweli, karibu sana."

"Lakini hukusema."

"Kwa hiyo tusiachane," alisema mwanamke. "Njoo nyumbani kesho, baba atakuwepo."

"Nije peke yangu, au nije na wajomba?"

Mwanamke aliegemea ukuta. Mtu mmoja mwenye mafaili alimpita akimshangaa jinsi anavyotabasamu na machozi yanamtoka.

"Njoo nao," alisema. "Ila mbele ya baba uongee wewe, kwa sauti hiyo hiyo."