Nyayo za Kifungo

Mtaani walimwita Dada Mkeka. Kila asubuhi walimwona akipita na mkeka mdogo kwapani na kapu mkononi. Ndani ya kapu mlikuwa na mpira wa kitambaa, kikombe cha plastiki, mwiko na kopo la maziwa lililooshwa likang'aa. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea watoto wadogo majumbani na kuangalia wanavyokua: wanavyokaa, wanavyotambaa, wanavyoshika vitu, wanavyosema. Aliisomea kazi hiyo, na shirika moja la watoto lilimwajiri.

Watu walimtania sana. Walisema hawajawahi kuona mtu anayelipwa mshahara kwa kukaa chini na kucheza. Yeye hakukasirika. Aliwaambia wanaoona kazi hiyo ni nyepesi waje wamshikie mtoto wa miaka miwili aliyekosa usingizi wake wa mchana. Mpaka leo hajajitokeza hata mmoja.

Siku moja alipeleka sketi yake kwa fundi cherehani ipunguzwe urefu. Fundi huyo alifanyia kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mlango ukitazama barabarani. Alikuwa fundi hodari, ila alikuwa na ugonjwa wa mafundi wengi. Alimwambia Dada Mkeka aje kesho. Alipokuja, akaambiwa tena aje kesho. Mara ya tatu Dada Mkeka alikaa kwenye benchi na kusema kwamba safari hii atangoja hapo hapo.

Ndipo alipomwona vizuri mtoto wa nyumba hiyo. Alikuwa msichana mnene, mchangamfu, anayekaribia mwaka na nusu. Walimwita Kifungo, kwa sababu alizaliwa mdogo na wa mviringo. Mama yake alikuwa akishona vifungo kwa mkono, mtoto akiwa mgongoni. Mama alipochoka, bibi yake, yaani mama mzazi wa Fundi, alimpokea mapajani. Bibi alipokwenda jikoni, Fundi alimpakata huku akiendesha cherehani. Kifungo alizunguka mikononi mwa watu wote, lakini chini hakuwekwa.

Miguu yake ilikuwa imefunikwa kwa kipande cha kitambaa. Kitambaa kikateleza, na Dada Mkeka akaziona nyayo. Zilikuwa laini na safi, hazina hata vumbi, utadhani za mtoto aliyezaliwa jana.

Akauliza kama mtoto ameanza kutembea. Cherehani ikanyamaza. Mama Kifungo akainamia vifungo vyake. Bibi, aliyekuwa anarudi na kikombe cha chai, akasema kwamba huyu wao hana haraka.

Hapo Dada Mkeka akafanya kosa. Aliona jambo moja akadhani ameona yote.

"Mnambeba mno," alisema. "Mwekeni chini, atatembea."

Fundi, aliyekuwa amempakata Kifungo, alimpa mkewe mtoto, akasimama.

"Dada, naomba uvue viatu," alisema kwa upole. "Kisha uje mpaka hapa nilipo."

Dada Mkeka akavua viatu. Alipiga hatua moja, akainua mguu wa pili, akabaki ameuning'iniza hewani. Mbele yake palikuwa na pini zilizotawanyika katikati ya mabaki ya vitambaa. Karibu na dole gumba lake sindano ilikuwa imesimama katika ufa wa sakafu, uzi ukiwa bado kwenye tundu lake.

Fundi akamwonyesha kisigino chake. Kilikuwa na kovu. Alieleza kwamba zamani, alipokuwa anajifunza ushonaji, sindano ilimwingia na kuvunjikia humo, akapasuliwa ili itolewe.

"Nilikuwa mtu mzima, na nililia," alisema. "Sasa niambie, mwanangu nimweke wapi?"

Dada Mkeka alirudi nyuma taratibu, akavaa viatu. Aliona aibu, naye hakuificha.

"Nisamehe, Fundi. Nimesema kabla ya kuangalia. Nyumba hii haikumweka mtoto chini kwa sababu inampenda."

Maneno hayo yalimlainisha Fundi. Akakaa, akavuta pumzi, na yaliyokuwa moyoni yakatoka. Alisema watoto wa rika la Kifungo wanakimbia barabarani, na wateja wanauliza. Ndiyo maana walimfunika miguu. Muuguzi wa kliniki aliwaambia wampeleke apimwe, lakini yeye alikataa.

"Naogopa," alisema. "Nikiambiwa hatatembea maisha yake yote, nitarudije nyumbani?"

Mkewe aliiacha sindano yake hewani. Katika nyumba hiyo mume na mke walilala kitanda kimoja wakiwa na hofu moja, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

"Kumbe na wewe," alisema Mama Kifungo. "Nilidhani ni mimi peke yangu."

Dada Mkeka aliomba ruhusa amwangalie mtoto. Wakaingia chumba cha ndani, ambako palikuwa na nafasi ndogo tu kati ya kitanda na marobota ya vitambaa. Akatandika mkeka wake. Kifungo aliwekwa hapo, akashangaa kwanza, kisha akakaa wima bila kuegemezwa. Dada Mkeka akauviringisha mpira. Kifungo akaufuata kwa macho, akajinyoosha, akaushika. Dada Mkeka akamtekenya nyayo, na miguu yote miwili ikavutwa juu kwa nguvu. Akamshika kwapani na kumsimamisha. Mwanzoni Kifungo aliikunja miguu, hakujua ni ya kazi gani. Baadaye akaishusha, akagusa mkeka, akasukuma.

"Ninachokiona kinanipa moyo," alisema Dada Mkeka. "Lakini mimi si daktari. Mtoto anayefika mwaka na nusu bila kutembea lazima apimwe, hata kama nyumbani mnadhani sababu mnaijua. Twende kliniki kesho, nami nitawasindikiza."

"Na hiyo kesho isiwe ya fundi cherehani," alisema Bibi.

Haikuwa. Asubuhi walikuwa kliniki. Daktari alimkunja Kifungo miguu na kuinyoosha, akampima nyonga na mgongo, akamgonga magoti kwa nyundo ndogo ya mpira. Aliuliza alivyozaliwa na anavyokula. Mwishowe alisema mtoto ni mzima. Misuli ya miguu ilikuwa dhaifu kidogo kwa kukosa kazi, basi. Fundi alimwomba daktari arudie. Daktari akarudia. Fundi akaomba tena, mkewe akamvuta shati.

Njiani kurudi Dada Mkeka aliwaeleza kwa lugha nyepesi. Mtoto hafundishwi kutembea siku moja. Huanza mbali: hulazwa kifudifudi akainua kichwa, akajigeuza, akajisukuma, akatambaa, akashika kitu na kujivuta asimame. Katikati ya hayo yote huanguka, na kuanguka ni sehemu ya somo.

Fundi hakupenda hilo la kuanguka. Akauliza kama haiwezekani kumnunulia kigari cha kutembelea, kile mtoto anachokaa ndani na kujisukuma kwa vidole. Dada Mkeka alikataa. Kigari hakimfundishi mtoto kujisimamia, na kinaweza kupinduka naye au kumfikisha kwenye pasi ya moto.

"Wewe Fundi ulijifunzaje kukata kitambaa?" akamuuliza. "Kwa kutazama tu?"

Fundi alicheka. "Kwa kuharibu vitambaa vya watu."

"Basi na yeye mwache aharibu."

Walibaki na swali la wapi pa kumweka. Chumba cha ndani kilijaa kitanda na marobota. Wakachagua pembe ya chumba cha kushonea iliyo chini ya dirisha. Fundi aliizungushia mbao imara, akazipiga msasa hadi ziwe laini. Pasi ikahamishiwa upande wa pili, waya wake ukafungwa juu. Vifungo na pini vikatiwa kwenye makopo yenye vifuniko, maana Dada Mkeka alionya kwamba kitu kidogo chochote mtoto hukipeleka mdomoni, na kinaweza kumkaba koo. Sumaku ya kunasia sindano ilikuwa wazo la Mama Kifungo. Aliitoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kwa kamba.

Kazi ya sumaku akakabidhiwa Bibi. Kila asubuhi, na kila mara kabla mtoto hajawekwa chini, palifagiwa kwanza, kisha Bibi akapita akiiburuta sumaku na kuangalia nyufa zote. Alivua sindano nyingi. Alivua hata ile nene ambayo Fundi alikuwa amemlaumu mkewe kuipoteza, akaiweka mbele ya Fundi, akasimama kumtazama mpaka akamwomba mkewe radhi.

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu. Kifungo akiwekwa chini alilia, na akilia baba yake aliruka kutoka kwenye cherehani. Dada Mkeka akamwambia asimnyanyue mara moja. Ashuke yeye, amfuate mtoto kule kule chini, acheze naye. Basi Fundi akalala kifudifudi, uso kwa uso na binti yake, akimviringishia mpira. Mteja mmoja aliingia akamkuta hivyo, akauliza kama anaumwa.

"Niko kazini," Fundi alijibu.

Wiki zikapita. Kifungo alijigeuza, akajiburuta kwa tumbo, akatambaa. Siku aliposhika benchi na kusimama, Bibi alifumba macho asione atakavyoanguka. Akaanguka kweli, akakaa kitako, akatazama huku na huku kama kuna wa kumbembeleza. Mama yake alimtabasamia, akaendelea kushona. Kifungo akashika benchi tena.

Siku moja Dada Mkeka alikuja kufuata sketi yake. Sakafu yote ilikuwa imefagiwa na kupitishwa sumaku, na mbao za pembeni zilikuwa zimeondolewa. Kifungo alisimama peku, ameshika benchi. Macho yake yalikuwa kwenye futi ya kupimia iliyoning'inia shingoni mwa baba yake.

Fundi alichuchumaa. Akaitoa futi, akainyoosha mbele. Mkono mwingine aliuficha nyuma ya mgongo, akaushikilia hapo, kwa sababu aliujua: ungekwenda kumdaka. Kifungo aliachia benchi. Alipiga hatua, akayumba, akapiga nyingine. Akazidisha mwendo, akaikamata futi kwa mikono yote miwili, akakaa chini kwa kishindo na kuanza kuitafuna.

Bibi alilia waziwazi. Mama Kifungo alicheka huku amejiziba mdomo. Fundi alijaribu kuzungumza kama mtu mwenye biashara zake.

"Dada, ile sketi yako..."

"Kesho," Dada Mkeka alimmalizia. Hata yeye macho yalikuwa yamemlowa.

Mama Kifungo akaleta beseni la maji amnawishe mtoto miguu. Fundi alikuwa ameinua unyayo mmoja wa binti yake mkononi. Ulikuwa umechafuka, umefanya weusi, na kipande cha uzi mwekundu kilikuwa kimenasa kati ya vidole. Aliutazama kwa furaha.

"Ngoja kidogo, Mama Kifungo," alisema. "Usimnawishe sasa hivi."