King'ora Kando ya Kaburi

Ilikuwa Jumanne, tarehe 15 Julai 1997, saa kumi na moja na nusu jioni. Ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Meru na kufunika migomba yote ya Nkoaranga. Baridi ilikuwa kali.

Elirehema alikuwa ameegesha pikapu yake kando ya kaburi la baba yake. Shamba lao lilikuwa la mteremko, na hapakuwa na sehemu nyingine tambarare. Alikuwa ameuza ng'ombe watatu ili anunue gari hilo lililotumika, kutoka Japani. Kila alfajiri yeye na mkewe, Anyesi, walipeleka nyanya na ndizi mjini Arusha. Familia nzima, pamoja na binti yao Hanna, iliishi kwa gari hilo.

Walikuwa jikoni wakiota moto. Ghafla king'ora cha gari kililia. Elirehema alitoka mbio. Hakuona mtu. Milango ya gari ilikuwa imefungwa. Alibonyeza rimoti, king'ora kikanyamaza.

"Ni paka," alisema Anyesi.

Jumatano, saa ileile, king'ora kililia tena. Hapakuwa na mtu wala paka. Hapakuwa na upepo pia. Hakuna jani la mgomba lililotikisika.

Alhamisi walikaa wakisubiri. Chai ilipoa vikombeni. Saa kumi na moja na nusu, king'ora kikalia. Bibi Kaanaeli, mama yake Elirehema, aliweka kikombe chini taratibu.

"Mwanangu," alisema, "baba yako alikata roho saa hii hii."

Elirehema alitoka, akakizima king'ora. Alipogeuka, aliona koti refu la kijivu likija ndani ya ukungu. Lilikuwa koti la marehemu baba yake. Mlangoni, Anyesi alipiga ukelele.

"Ni mimi, Mama Hanna! Solomoni! Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu Bibi Kaanaeli, nyuma ya Anyesi. "Solomoni, umenitisha. Nilidhani mwenye koti amerudi."

Solomoni alikuwa jirani yao wa upande wa chini. Mwaka uliopita alisaidia kuchimba kaburi. Siku ya kugawa nguo za marehemu, Bibi Kaanaeli mwenyewe alimpa koti hilo.

"Nimesikia kelele siku tatu," alisema Solomoni kwa upole. "Baba Hanna, mzee hapendi gari lilale juu ya kichwa chake. Kata waya wa king'ora, umwache apumzike."

Usiku huo Bibi Kaanaeli aliomba kwa muda mrefu. Anyesi hakulala. Elirehema aliamua kukata waya, lakini hakujua ni upi.

Ijumaa asubuhi alikwenda Ngarenaro, mjini Arusha, kwa Lemburis, fundi wa umeme wa magari.

"Fundi, niondolee king'ora hiki. Kinalia bila mtu."

Lemburis alifuta mikono. "Mwezi huu watu wawili wameniambia hivyohivyo. Niliwaondolea. Wote wawili walirudi hapa kwa miguu."

"Magari yao?"

"Yaliibwa. Twende kwako kwanza. Nataka kuona gari linapolala."

Walipofika, Lemburis alimwamkia Bibi Kaanaeli, kisha akalizunguka gari mara mbili. Aliinama. Kwenye bodi ya nyuma aliokota punje saba za kahawa, mbichi, ngumu, za kijani.

"Kahawa yako iko wapi, Baba Hanna?"

"Niliing'oa yote bei ilipoanguka. Sasa nalima nyanya."

"Basi hizi zimetembea zenyewe?" Lemburis alionyesha alama ndogo kwenye kioo. "Mtu amesimama mbali, kwenye ukungu, akapiga kioo kwa manati. Mama, marehemu alikuwa na manati?"

Bibi Kaanaeli alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Hata jiwe hakujua kulirusha."

"Huu ni ujanja wa wezi," alieleza Lemburis. "Wanakiliza king'ora mara nyingi, hadi mwenye gari achoke au aogope. Akikizima mwenyewe, kazi yao imekwisha. King'ora kikilia ovyo, usikikate. Mwite fundi akirekebishe."

"Lakini kwa nini saa ya kifo?" aliuliza Anyesi. "Saa hiyo tuliitaja kwenye matanga tu."

"Basi mtu huyo alikuwepo matangani," alisema Lemburis.

Anyesi alivuta kanga yake mabegani. Maneno hayo yalimtisha kuliko mzimu.

Lemburis alifanya kazi hadi saa tisa. Kwanza alipunguza wepesi wa king'ora, ili kisilie kwa kupigwa na kitu kidogo. Sasa kingelia tu mlango ukifunguliwa au gari likitikiswa sana. Pili, alificha swichi ndogo ya kukata umeme wa injini. Aliwaonyesha Elirehema na Anyesi peke yao. Tatu, alifunga usukani na pedali ya klachi kwa mnyororo na kufuli.

"Hapa pana mteremko," alisema. "Bila mnyororo, mwizi angeachia breki ya mkono na kuteremka kimya hadi barabarani. Kadi ya gari msiiache ndani. Na majirani wajue: wakisikia king'ora, watoke pamoja."

Jioni Solomoni alipita njiani. "Fundi amekata waya?"

"Fundi amemaliza kazi yake," alijibu Elirehema.

Jumamosi ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Saa kumi na moja na nusu walisikia kitu kikigonga kioo. Ta. Ta. Kisha kimya kirefu. Kisha mlango wa gari ukafunguliwa, na king'ora kikalia kwa nguvu.

Bibi Kaanaeli alikuwa wa kwanza kutoka. Ndani ya gari, nyuma ya usukani, alikaa mtu mwenye koti la kijivu la mume wake. Mikono yake ilivuta mnyororo; kitini palikuwa na manati, na bisibisi aliyofungulia mlango. Bibi hakukimbia. Alisogea hadi dirishani.

"Solomoni," alisema, "koti nilikupa mimi. Hata saa ya kifo ulinisikia mimi nikiitaja, nikilia."

Solomoni alifunika uso. "King'ora hakikulia nilipopiga kioo, nikadhani waya umekatwa. Wananisubiri barabarani, mama. Nilitakiwa kulifikisha pale tu."

Majirani walifika na fimbo. Elirehema alisimama mbele yao. "Msimguse. Atakwenda polisi."

Waliokuwa barabarani walisikia kelele, wakaondoka. Solomoni alivua koti, akamrudishia Bibi Kaanaeli, akapelekwa kwa balozi wa nyumba kumi, kisha kituo cha polisi. Elirehema aliandika maelezo yake huko, akarudi na gari lake. Jumatatu Lemburis alifunga mnyororo kwenye magari mengine mawili ya Nkoaranga. Anyesi aliuza nyanya sokoni kama kawaida. Bibi Kaanaeli alifua koti, akalianika juani, kisha akalikunja na kuliweka sandukuni mwake.