Kichaka cha Maua Meupe

Majirani zangu, sogeeni niwaambie yaliyompata fundi cherehani wa mtaa wetu, mama asiye na makuu.

Mchana ule ulikuwa wa kusinzia. Upepo uliingia dirishani ukainua shela la bibi harusi alilokuwa akishona, likaelea chumbani kama wingu. Kifua kilikuwa kikimbana kidogo. Ndipo wifi yake akaingia na birika.

"Kunywa, wifi. Ni kile kichaka cha maua meupe alichokuwa akituchemshia mama."

"Una hakika ndicho?"

"Maua si nimeyaona kwa macho yangu? Au huniamini?"

Fundi hakutaka ugomvi. Akanywa kikombe kizima. Na sisi ndivyo tulivyo, tunaona haya kuuliza mara ya pili.

Muda si muda cherehani ikawa inaimba kwa mbali, kama iko ng'ambo ya mto. Maua ya vitambaa yakabanduka, yakapanda darini taratibu. Akamwona marehemu mama mkwe amekaa juu ya majora, akibembeza miguu. Alitaka kumwamkia, ulimi ukamlemea.

Mumewe, seremala, alimkuta sakafuni, mboni za macho zimetanuka. Hospitalini wifi alitoa majani yaliyochemka hadi kuwa rojorojo.

"Haya hayaniambii kitu," daktari alisema. "Leteni tawi zima, lenye majani, maua na matunda."

Seremala na dada yake wakakimbilia kichakani. Hapo ndipo wifi alipoinama na kutazama kwa makini. Maua yalikuwa meupe kweli. Lakini majani ya mama yalikuwa na kingo laini. Haya yalikuwa na meno kama msumeno. Matunda ya mama yalikuwa mekundu, yameshikana vishada. Haya yalikuwa meusi, mojamoja, yana vinyweleo.

"Kaka, sicho," alisema kwa sauti ndogo.

"Vunja tawi, twende."

Kwa tawi lile daktari alijua sumu ni ipi, na fundi akaokoka. Ila macho hayakurudi kama zamani. Kila asubuhi wifi huja kumtungia uzi kwenye sindano.

FUNZO

Ua peke yake halitambulishi mti. Tazama jani, ua na tunda. Kimoja kikikataa, acha. Na anayekuletea dawa, muulize tena na tena. Akinuna, mwache anune, kununa kutapita.